Kijapani cha Mwanzo kwa Anayefikiri kwa Kiswahili: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Tanga

Wengi wanaojifunza Kijapani hapa Tanga hupitia Kiingereza, maana ndiko vitabu viliko. Hasara yake ni kwamba vitabu hivyo vimeandikwa kumtibu Mwingereza, na maradhi yake si yetu. Mwingereza huelezwa kwa kurasa nzima kwamba Mjapani ana kore, sore na are, vitu vitatu pale ambapo yeye ana viwili. Sisi tuna hiki, hicho na kile tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu. Hapa, hapo na pale ni koko, soko na asoko, na somo limekwisha. Lakini kitabu hicho hicho hakitakuonya kuhusu saa, wala kuhusu neno "ni", wala kuhusu namna tunavyotamka jina la mji wetu wenyewe. Mwongozo huu unatoka kwenye Kiswahili na kwenda Kijapani bila kupita kwa mtu mwingine.

Tenga dakika 40 kila siku kwa wiki 16: dakika 10 za herufi, 15 za sarufi, 15 za kusema kwa sauti. Saa tano za Jumapili haziwezi kufidia siku sita za kukaa bure. Ulimi hausomi kwa mkupuo.

Sauti kwanza

Piga makofi ukitaja Tanga. Utapiga mawili: Ta-nga. Mjapani atapiga matatu, ta-n-ga, na ndivyo anavyoliandika: タンガ, herufi tatu. Hapo ndipo lafudhi yetu inapojulikana. Sisi huifunga n na konsonanti inayoifuata, kama katika ngoma, ndizi na mbuzi. Kwake yeye n ni pigo kamili, lenye urefu sawa na mapigo mengine. Kwa hiyo genki (mzima wa afya) si ge-nki, ni ge-n-ki. Kanban (kibao cha dukani) kina mapigo manne, ka-n-ba-n. Dawa tunayo mdomoni: ni ile n ya nchi na nne, au m ya mtu, inayosimama peke yake bila irabu. Ichukue hiyo, uipeleke katikati na mwishoni mwa neno.

Irabu ni zile zile tano, ila Wajapani huzipanga a, i, u, e, o. Urefu wake hubadili maana: obasan ni shangazi au mama wa makamo, obaasan ni bibi. Anayejua umbali uliopo kati ya kufa na kufaa hana haja ya maelezo zaidi. Kigumu kwetu ni konsonanti ile ile mara mbili mfululizo, kama tt, maana Kiswahili hakina. Kite ni "njoo", kitte ni stempu. Kwenye kitte ulimi unagusa mahali pa t, pumzi inazuiwa kwa pigo zima, kisha inaachiwa. Ukiharakisha, umesema neno jingine.

Halafu kuna mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sisi hupeleka desturi hiyo kila tuendako: ka-ZO-ku, ko-KO-ro. Kijapani hupandisha na kushusha sauti, lakini hakikazi silabi kwa nguvu. Kwa mwanzo, soma kila pigo sawa na mwenzake, kama mtu anayevuta shanga za tasbihi. Na u ya mwisho wa desu na masu karibu haisikiki: des, mas.

Zoezi lenyewe: chukua kipande cha sauti cha sekunde 10, sikiliza mara 3 ukiwa kimya, kisha sema pamoja nacho mara 8, halafu jirekodi kwenye simu na ulinganishe. Idhaa ya Kiswahili ya NHK World, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, na hayana malipo. Pakua sauti ukiwa kwenye waifai usije ukamaliza bando.

Herufi: siku 20, si zaidi

Hiragana, seti ya kuandikia maneno ya Kijapani chenyewe, zina herufi za msingi 46, katakana vilevile 46. Tano kwa siku, na siku ya kumi umemaliza seti ya kwanza. Andika kwa mkono, kila herufi mara 15, ukitamka. Zinazochanganya watu ni ぬ na め, は na ほ, わ na ね na れ. Kwenye katakana, balaa ni シ (shi) na ツ (tsu). Katika シ vistari vidogo vimepangana upande wa kushoto na mkono mrefu unachorwa kutoka chini kwenda juu. Katika ツ vistari vimejipanga juu na mkono unashuka. Anayenakili umbo bila kujua mkono unaanzia wapi atazichanganya miaka yote.

Herufi tatu husomwa tofauti zikiwa vijineno vya sarufi: は husomwa wa, へ husomwa e, を husomwa o.

Katakana ndiyo ya maneno ya kigeni, jina lako likiwemo. Juma ni ジュマ, Rehema レヘマ, Asha アシャ. Kijapani hakitofautishi l na r, kwa hiyo Halima huwa Harima. Ali ndiye mwenye taabu kidogo: アリ, ari, kwao ni sisimizi. Hakuna atakayemcheka, lakini heri ajue mapema. Na yule samaki wa kale wa bahari yetu, silikanti, wao humwita シーラカンス, shiirakansu. Kile kistari ー ndicho kinachorefusha irabu.

Kwenye simu, ongeza kibodi ya Kijapani yenye herufi za Kilatini. Andika kitte upate きって, andika nn upate ん, na kwa kile kistari cha kurefusha bonyeza alama ya kutoa. Angalia herufi l: kwenye kibodi nyingi ukiandika la au lu inatoka herufi ndogo, ぁ au ぅ, isiyosomeka peke yake. Andika ra, ru. Ikifika wiki ya tano acha kabisa kujifunzia kwa herufi za Kilatini. Humu tunazitumia ili twende pamoja, lakini anayezing'ang'ania husoma polepole na kutamka vibaya.

Sentensi inavyosimama

Nanunua pweza sokoni: Ichiba de tako o kaimasu. Neno kwa neno ni "sokoni pweza nanunua". Kitenzi hukaa mwisho daima, na kila jina hufuatwa na kijineno kinachosema kazi yake. (Ndiyo, pweza ni tako. Cheka sasa umalize, usije ukacheka mbele ya mtu. Neno lao la dubu tunakuachia uligundue mwenyewe, ukiwa peke yako.)

Wazo la kijineno kinachofuata jina si geni. Soko + ni, shule + ni, nyumba + ni: tunafanya hivyo kila siku, na kwa bahati njema Kijapani nacho kina ni ya mahali. Gakkoo ni ikimasu, nakwenda shuleni. Mtego uko kwenye majina ya miji. Kiswahili hakisemi "Tangani", kwa hiyo wanafunzi husahau na kusema Tanga ikimasu. Waliozoeana huweza kuidondosha hivyo katika maongezi ya haraka, ila wewe jenga mazoea ya kuiweka: Tanga ni ikimasu.

Mtego mkubwa zaidi ni ile "ni" yetu nyingine, ya "mimi ni Asha". Hiyo kwa Kijapani ni desu, na inakaa mwisho: Watashi wa Asha desu. Anayeteleza na kusema mimi ni atakuwa amesema kitu kingine kabisa, kwani mimi kwa Kijapani ni sikio. Mimi ni, yaani sikioni.

Tena, usiseme watashi wa kila sentensi. Kwetu nafsi imo ndani ya kitenzi, na mwanafunzi anapoona kaimasu haina "ni-" wala "u-" anahofu kwamba hataeleweka. Ataeleweka. Kaimasu ni nanunua, unanunua, ananunua, na muktadha ndio unaosema ni nani. Itaje nafsi mara moja mwanzoni, basi.

Kuhusu wa na ga, ambazo huwatoa watu jasho, shika mfano mmoja wa barazani: "Pweza, bei yake iko juu." Tako wa nedan ga takai desu. Kinachotangulia kama mada kinachukua wa, na kile kilicho ghali hasa, bei, kinachukua ga. Kiswahili cha mazungumzo kimejaa sentensi za namna hii, "Juma gari lake limeharibika". Ukiona unaweza kuweka "yake" au "lake" baada ya mada, hapo pana wa na ga.

De ni mahali pa kutenda, ni ni mahali pa kuwepo au pa kufikia. Tanga de hatarakimasu, nafanya kazi Tanga. Tanga ni imasu, nipo Tanga. De pia ni chombo: jitensha de ikimasu, nakwenda kwa baiskeli, sentensi ambayo mtu wa Tanga hatakosa pa kuitumia. No humilikisha, ila mpangilio umegeuka: kitabu cha Asha ni Asha no hon, mwenye mali mbele. Sifa nazo hutangulia jina: samaki mkubwa ni ookii sakana.

Kuna vitenzi viwili vya kuwepo. Imasu ni kwa chenye uhai kinachojiendesha, arimasu kwa visivyo hivyo. Karibu ufikirie ngeli ya A-WA na ngeli nyingine, na mti unakubaliana nawe: si A-WA kwetu, ni arimasu kwao. Pa kuachana ni kwenye meza ya muuza samaki. Kwa Kiswahili samaki hubaki "yupo" hata akiwa kwenye barafu. Kwa Kijapani aliye majini ni sakana ga imasu, aliyelala mezani ni sakana ga arimasu. Ukimuuliza muuzaji imasu ka, umeuliza kama wako hai.

Kitenzi: mahali pa kukaa muda mrefu

Maumbo manne ya heshima yakariri kwa pamoja: kaimasu (nanunua au nitanunua), kaimasen (sinunui, sitanunua), kaimashita (nilinunua), kaimasen deshita (sikununua). Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala kwa wingi. Fanya mazoezi kwa vitenzi 20 vya kila siku na usiongeze cha 21 mpaka hivyo vitoke bila kufikiri. Ile kauli ya mji wetu, waja leo waondoka leo, inatosha kuanzia: Kyoo kimasu, kyoo kaerimasu. Wanakuja leo, wanarudi leo.

Kisha umbo la -te, ambalo bila hilo huongei. Kutoka -masu: penye i, chi au ri kabla ya masu weka -tte (kaimasu, katte, machimasu, matte, kaerimasu, kaette). Penye mi, bi au ni weka -nde (yomimasu, yonde). Ki huwa -ite (kakimasu, kaite), gi huwa -ide, shi huwa -shite. Ikimasu peke yake huasi na kuwa itte. Vitenzi vyenye e kabla ya masu, pamoja na vichache vyenye i kama mimasu na okimasu, huondoa masu na kuweka te tu: tabete, mite, okite. Shimasu ni shite, kimasu ya kuja ni kite.

Matumizi yake ndiyo yanayomfaa Mswahili. Kwanza, -te ni -ka- yetu: "Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikapika." Ichiba ni itte, sakana o katte, ryoori shimashita. Tofauti ni moja. Kwetu wakati hutajwa mwanzoni, nili-, na zinazofuata zinauegemea. Kwao vitenzi vyote vya mbele havina wakati, na wakati hutajwa na cha mwisho. Kosa la kawaida ni kuweka mashita kwenye kila kitenzi, ikimashita, kaimashita, shimashita, mtu anasikika kama anayesoma orodha.

Pili, -te imasu. Ni -na- ya tendo linaloendelea sasa hivi: tabete imasu, niko ninakula. Tabemasu peke yake ni desturi au mpango, kwa hiyo ukipigiwa simu mdomo umejaa wali usijibu tabemasu. Lakini -te imasu hiyo hiyo ni pia -me- ya hali: amekaa, suwatte imasu, amelala, nete imasu, amevaa, kite imasu, ameoa, kekkon shite imasu. Kiswahili husema ameoa kwa hali iliyopo leo, si kwa siku ya harusi, na Kijapani hufikiri vilevile. Kwa somo hili wenye Kiingereza wana kazi kubwa kuliko sisi.

Sifa zenye i hujinyumbua zenyewe: takai (ghali), takaku nai desu (si ghali), takakatta desu (ilikuwa ghali). Takai deshita ni kosa. Kirei (zuri, safi) inaishia i lakini si ya kundi hilo, kwa hiyo kukanusha ni kirei ja arimasen.

Kuhesabu, na saa

Kama kwetu namba hufuata ngeli, kiti kimoja, vitabu viwili, kwao namba huvikwa kijineno kulingana na umbo la kitu. Vitu bapa ni mai, kwa hiyo doti ya khanga ni nimai, vipande viwili. Virefu kama kalamu na ndizi ni ippon, nihon, sanbon (moja, mbili, tatu). Baiskeli na magari ni dai. Watu ni hitori, futari, kisha sannin, yonin. Ukikwama tumia za jumla, zinaeleweka kwa vitu vingi: hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu, itsutsu.

Fedha: mafungu yao makubwa yanaanzia 10,000, siyo 1,000. Elfu kumi ni ichiman, elfu ishirini na tano ni niman gosen, na laki moja ni juuman. Angalia yanayobadilika sauti: 300 sanbyaku, 600 roppyaku, 800 happyaku, 3,000 sanzen, 8,000 hassen.

Saa sasa. Wajapani huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo saa moja asubuhi ya Tanga ni shichi-ji, 7:00, wala si ichi-ji. Wanafunzi wengi hutafsiri namba moja kwa moja na kukosa miadi kwa saa sita kamili. Lakini kuna zawadi hapa. Japani imetutangulia kwa saa sita, na hawabadilishi saa zao kwa majira. Maana yake ni kwamba namba unayoitaja kwa Kiswahili ndiyo namba inayosomeka kwenye saa ya Tokyo dakika hiyo hiyo. Saa tisa alasiri Tanga, Tokyo ni ku-ji, saa tatu usiku wao. Saa nane mchana kwetu, kwao hachi-ji. Kwa hiyo ukitaka kuitaja saa ya kwao, tafsiri Kiswahili chako kama kilivyo. Ukitaka kuitaja saa ya hapa, toa au ongeza sita. Namba nne, saba na tisa kwenye saa ni yo-ji, shichi-ji, ku-ji.

Hilo linapanga pia ratiba ya mazungumzo. Mtu wa Japani aliyetoka kazini hupatikana 7:00 hadi 10:00 usiku kwa saa za kwao, yaani kwetu saa saba mchana hadi saa kumi alasiri. Ukipiga baada ya magharibi, umemwamsha usiku wa manane.

Kuongea na mtu

Mwenza mzuri kuliko wote ni Mjapani anayejifunza Kiswahili. Wapo: Kiswahili kinafundishwa Chuo Kikuu cha Osaka, na wanaojitolea kupitia JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, hujifunza Kiswahili ili wafanye kazi Tanzania. Gawaneni dakika 15 za Kijapani na 15 za Kiswahili, kwa saa iliyopangwa, bila kuchanganya. Mpe ruhusa ya kukusahihisha, naoshite kudasai, tena umwambie makosa mawili tu kwa kila kikao. Usipomwomba atakwambia joozu desu ne, unajua sana, na hilo halimaanishi kwamba unajua. Jibu lake ni iie, mada mada desu, hapana, bado sana.

Usimwite anata kwa kuwa kamusi imesema ni "wewe". Taja jina na -san, kama usivyomwita mtu mzima wa Ngamiani kwa jina tupu. Jina lako mwenyewe halichukui -san. Anapozungumza usinyamaze kama unasikiliza hotuba. Itikia hai, ee, soo desu ne, kama unavyotia "enhee". Akisema chotto… na kuacha sentensi ikielea, amekataa. Ni ndugu wa ile inshallah isiyo na tarehe. Na akiuliza swali la kukanusha, ikimasen ka, huendi?, jibu kama kwetu: hai, ikimasen, ndiyo, siendi.

Mazungumzo ya kufanyia mazoezi, mkibadilishana nafasi, mahali pawe soko la samaki la Deep Sea:

— Sumimasen, kono tako wa ikura desu ka. (Samahani, pweza huyu bei gani?)
— Ichi-kiro, ichiman shiringu desu. (Kilo moja, shilingi elfu kumi.)
— Chotto takai desu ne. (Ghali kidogo.)
— Jaa, kyuusen shiringu. (Basi, elfu tisa.)
— Ja, ni-kiro kudasai. Saba mo arimasu ka. (Basi nipe kilo mbili. Vibua pia vipo?)
— Saba wa arimasen. Ashita arimasu. (Vibua hakuna. Kesho vitakuwepo.)

Saba ni kibua, au tuseme jamaa yake wa Japani. Saba ya kuhesabu ni nana. Mkishaizoea, badilisheni bidhaa, bei na idadi kila mzunguko, na mzunguko wa tatu usiangalie karatasi. Ukikwama sema moo ichido onegai shimasu (rudia tena tafadhali) au yukkuri hanashite kudasai (sema polepole), usihamie Kiingereza.

Mkimaliza, usitafute tafsiri ya kwaheri. Sayoonara ni nzito mno kwa watu watakaoonana Jumanne. Sema otsukaresama deshita. Vitabu vya Kiingereza huhangaika aya nzima kuieleza, wewe unaijua kama pole na kazi.